Nyonga Mpya Katika Nyumba ya Zamani

*Mhadhara wa wazi uliotolewa Singida mjini mbele ya wazee, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na vijana*

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kupona. Mimi si daktari. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, nikastaafu nikichechemea, na leo nimesimama mbele yenu kwa nyonga ya bandia ya upande wa kulia yenye umri wa miaka minne na miezi mitatu. Umri huo wa nyonga nimeutaja kwa makusudi, nanyi mtausikia tena.

Nina neno moja la kuwaambia. Daktari wa mifupa hutupa nyonga. Namna ya kuishi nayo ndani ya nyumba zetu tunafundishwa na aliyetangulia kuwekewa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkoani kwetu wapo watu waliokilalia kitanda hiki, Iramba wapo, Ikungi wapo, Manyoni wapo, lakini hawajuani, na mgonjwa mpya hajui pa kuwapata. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Maumivu yaliyopewa jina la uzee

Nyonga yangu ilianza kuuma nikiwa bado darasani. Maumivu yalianzia kwenye kinena, yakashuka kwa mbele ya paja, yakatua gotini. Goti nililichua miaka mingi, kumbe halikuwa na kosa lolote. Kituo kimoja cha afya nilichokizoea kilinipa vidonge vya kutuliza maumivu kwa miaka mitano, na kila nilipokwenda nikaambiwa, "Mama, huo ni umri." Nilipopigwa eksirei hatimaye, daktari aliiinua picha kwenye mwanga akanionyesha mahali palipotakiwa kuwa na mstari mweusi kati ya mfupa na mfupa. Mstari haukuwapo.

Naomba vijana mkielewe kiungo hiki. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, ukubwa wake kama chungwa dogo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kichwa na kikombe vyote vimefunikwa na gegedu. Mliokula kuku wa kienyeji wa Singida gegedu mnalijua: ni ile sehemu nyeupe, laini, inayong'aa mwishoni mwa paja, ambayo watoto hugombea kuitafuna. Gegedu likilika, mfupa husaga mfupa. Katika upasuaji, kichwa kilichoharibika hukatwa, kikombe hukwanguliwa, kisha huwekwa kichwa na kikombe vipya vilivyotengenezwa kwa chuma, plastiki ngumu au kauri.

Kulika kwa gegedu si sababu pekee. Wapo wenye siko seli. Chembe zao za damu hugeuka umbo la mundu, zikaziba mishipa midogo inayokilisha kichwa cha mfupa, na mfupa ukafa kwa kukosa damu. Hao huweza kuhitaji nyonga mpya wakiwa na miaka 20 au 30. Wapo waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na wapo ambao kifua kikuu kiliingia kwenye kiungo. Kisha wapo wazee wetu wanaoanguka.

Hapa nawasihi sana. Mzee aliyeteleza usiku akienda chooni, akashindwa kunyanyuka, mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, msiseme kiuno kimemkamata. Inawezekana shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Akilazwa ndani wiki kwa wiki mkisubiri apate nafuu, mgongo utatoka vidonda, mapafu yatapata kichomi, damu itaganda miguuni. Wengi tuliowazika tukisema wamekufa kwa uzee walikufa kwa kulazwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Waliotangulia tangu mwanzo

Leo upasuaji wa nyonga unapatikana nchini mwetu. Upo Moshi katika hospitali ya KCMC, upo Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na umetufikia jirani kabisa, Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa 2015. Lakini kabla haujafika kwetu kuna watu walioulipia kwa miili yao, na ni haki tuwakumbuke.

Uingereza, katika hospitali ya Wrightington, daktari John Charnley alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwawekea wagonjwa kichwa cha chuma kilichozunguka ndani ya kikombe cha plastiki iitwayo Teflon. Waliokuwa wamelazwa kwa maumivu wakainuka wakatembea. Furaha ile ilidumu miaka michache. Teflon ililika upesi, vumbi lake likachokoza nyama na mifupa, maumivu yakarudi. Mamia ya wagonjwa walilazimika kufunguliwa tena, naye Charnley hakuwakimbia. Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, polithini ya aina ya pekee, na mpaka leo nyonga nyingi duniani zinafuata njia aliyoifungua mwaka ule.

Baadaye aliwaomba wagonjwa wake jambo zito: wakubali kwamba siku watakapofariki, nyonga zile zitolewe zikachunguzwe zimelika kiasi gani. Wengi walikubali. Mtu anakubali kumfaa mgonjwa ambaye hatamwona kamwe! Mwaka 1979 Sweden ilianzisha daftari la taifa la kuandika kila nyonga iliyowekwa na kufuatilia imedumu vipi, na nchi nyingine zikafuata. Kutokana na madaftari ya namna hiyo, watafiti waliandika katika jarida la Lancet mwaka 2019 kwamba katika kila nyonga 10, karibu 6 hudumu miaka 25. Daktari anapokuambia leo, "Mama, hii itakufikisha mbali," nyuma ya maneno yake wamesimama wagonjwa waliokutangulia. Msaada wa mgonjwa kwa mgonjwa umekuwamo ndani ya tiba hii tangu siku zake za kwanza.

Umri wa nyonga

Mimi nilipasuliwa katika hospitali kubwa nje ya mkoa huu. Kesho yake asubuhi mtaalamu wa mazoezi tiba alikuja kunisimamisha. Alinieleza kwa upole na kwa ufasaha. Nikasimama kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, nikalia, nikarudishwa kitandani. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba nikikanyaga, kile chuma kitachomoka.

Kitanda cha pili alilala binti wa Manyoni, mgonjwa wa siko seli, umri wake chini ya miaka 30. Alipasuliwa siku tisa kabla yangu, akabakizwa kwa sababu ya hali ya damu yake. Aliponiona nimegeukia ukutani alisema, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akasema, "Mwalimu, kule nyumbani wewe ni mama yangu. Humu wodini nihesabu kuwa dada yako mkubwa, maana nyonga yangu imetangulia siku tisa. Niangalie."

Akasogea ukingoni mwa kitanda. Mguu uliopasuliwa akautanguliza mbele, umenyooka. Viganja akavibana kwenye godoro kila upande. Hakuinamia mbele kama tulivyozoea kuinuka. Kifua alikiacha nyuma kidogo, akajisukuma kwa mikono na kwa mguu mzima, akawa amesimama. Kisha akashika kile kifaa cha kutembelea chenye miguu minne, akakisogeza mbele hatua moja, akaufuatisha mguu mgonjwa, halafu mzima. Akafika kitandani kwangu. Aliyoyatenda yalikuwa yale yale aliyonieleza mtaalamu. Tofauti ni kwamba binti huyu alikuwa ameyasimamia, na nyonga yake haikuchomoka.

Jioni akanipa hesabu ya siku. "Leo utaogopa. Kesho utaogopa kidogo. Siku ya tatu mguu utavimba na utadhani umeharibika. Mwonyeshe nesi hata hivyo, kisha uuinue juu ya mto na uchezeshe unyayo kama unayekanyaga cherehani. Siku ya tano utachoka na kila mtu, hata na watoto wako." Siku ya tano nilimfokea binti yangu wa kumzaa kwa sababu ya kikombe cha uji, nikakumbuka, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba uchovu ule una siku yake na utapita.

Usiku taa zikizimwa, wodi ilizungumza. Wanawake waliuliza yale wasiyoweza kumwuliza daktari kijana mchana: choo, hedhi, unyumba. Aliyejua alijibu, na pale tulipokuwa hatujui wote tuliandika swali, tukamkabidhi muuguzi mmoja mtu mzima asubuhi. Ndani ya chumba kile ukubwa ulihesabiwa kwa siku tangu kisu kilipopita. Bibi wa miaka 70 mwenye siku mbili alimsikiliza binti mwenye siku kumi na mbili, na heshima haikupungua kwa yeyote.

Karatasi na nyumba

Nilipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani nilipewa karatasi yenye picha. Picha ya kwanza ilikuwa choo cha kukaa. Ya pili, bafu lenye vyuma vya kushikilia ukutani. Ya tatu, ngazi za ghorofa. Ya nne, mtu akiingia kwenye gari dogo. Nyumba ninayoishi ina choo cha shimo, hatua 30 kutoka mlango wa nyuma, na jiko la mafiga matatu.

Masharti yenyewe ni machache. Kwa wengi waliofunguliwa kwa upande wa nyuma, katika wiki 6 hadi 12 za mwanzo, nyonga isikunjwe kupita pembe mraba, yaani goti lisipande juu kuliko nyonga, miguu isipishane, unyayo usigeukie ndani. Ukivunja masharti kabla misuli haijashika, kichwa kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. Sasa pitisheni masharti hayo katika nyumba zetu. Kuchuchumaa chooni, marufuku. Kukaa kwenye kigoda ukisonga ugali, marufuku. Kuketi mkekani kupepeta, kuinama kufua kwenye beseni, kumpigia goti mkubwa unapomsalimia kama tulivyolelewa, kusujudu kwa anayeswali, yote hayo yanangoja. Anayeishi katika tembe huinama hata kuupita mlango wake mwenyewe.

Binti wa Manyoni alinipigia simu jioni ile ile niliyofika. "Mwalimu, una fundi seremala jirani? Mwite kesho asubuhi, na kwa mkojo wa leo tumia ndoo juu ya kiti." Akanielekeza kila kipimo, kwa kuwa kwake alikuwa ameshafanya.

Kiti hicho naomba niwaeleze vizuri ili mkawaeleze wengine. Fundi alinisimamisha akapima kutoka ardhini hadi nyuma ya goti: sentimita 44. Akaongeza nane, kiti kikawa na urefu wa 52. Ni kiti cha mbao chenye mikono, bila mito, kikalio chake kina tundu la duara lililopigwa msasa mpaka ukingo ukawa laini kama sahani. Miguu minne imetanuka kidogo kwa chini ili isiyumbe, na chini ya kila mguu fundi aligongomea kipande cha tairi kuukuu kisiteleze kwenye sakafu iliyolowa. Kiliwekwa juu ya tundu la choo, kikalingana nalo. Siku ya kwanza nilikalia nikashika mikono yake, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mengine yalifuata kwa simu hiyo hiyo. Kitanda kilikuwa kifupi. Kikainuliwa kwa matofali. Njia ya chooni ikafagiliwa mawe, mashimo yakafukiwa, taa ndogo ya sola ikatundikwa, na kamba ya kuanikia nguo ikahamishwa. Kuku wakafungiwa, kwa kuwa kuku akikupita miguuni ghafla anaweza kukuangusha. Usiku nililala na mto kati ya magoti. Mkongojo nikaushika kwa mkono wa upande wa mguu mzima, ingawa mwili ulitaka kinyume chake. Kwenye kizingiti tulifundishana wimbo mfupi: mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza.

Na wanaorudi kutoka Dodoma, safari ya kilomita kama 240, wasikae wamekunja nyonga njia nzima. Bahi simama, Manyoni simama, Ikungi simama. Tembea kidogo kando ya gari, uchezeshe nyayo. Kiti cha mbele kirudishwe nyuma. Ingia kwa kutanguliza makalio, kaa, kisha geuza miguu yote miwili pamoja. Pikipiki isahau mpaka daktari aseme.

Mipaka ya msaada wetu

Ningekuwa nawadanganya nikisema kila ushauri wa mgonjwa mwenzako ni dawa. Niliwahi kuona mzee aliyekaribia kuacha vidonge vya kuzuia damu isigande kwa sababu jirani yake alisema vinachosha figo. Nimewasikia wanaoshauri kuchua kidonda kwa mafuta ya moto. Nimemwona mama aliyetupa mkongojo wiki ya tatu kwa kuwa mwenzake naye aliutupa wiki ya tatu. Miili haifanani: huyu amewekewa saruji ya mfupa, yule hakuwekewa, huyu ana kisukari, yule hana.

Kwa hiyo tuliowahi kupasuliwa tujiwekee sheria. Mwonyeshe mwenzako namna ya kukaa, kuinuka, kuoga, kupanda gari. Msikilize hofu yake. Usimpe dawa, usimwondolee dawa, usimpangie siku ya kuacha mkongojo. Na kila mmoja wetu azijue dalili za kukimbilia hospitali. Kidonda kutoa usaha, kuwa chekundu au homa kupanda, hiyo inaweza kuwa ambukizo. Nyama ya nyuma ya mguu kuvimba na kuuma upande mmoja inaweza kuwa damu iliyoganda. Kifua kubana na pumzi kukatika ghafla, msisubiri hata kuche. Maumivu makali ya ghafla, mguu ukafupika na kugoma kukanyaga, huenda nyonga imechomoka. Mlaze hapo alipo, tafuteni gari, msijaribu kuivuta.

Jambo lililokwisha kufanyika kwetu

Kuna atakayesema hili ni jambo la nchi tajiri. Nawakumbusha kwamba Afrika Mashariki ni mwalimu wa dunia katika jambo hili. Mwaka 1987 huko Uganda, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI, pamoja na wenzake wachache walioguswa na ugonjwa ule, walianzisha shirika la TASO wakati ambapo dawa hazikuwapo na wagonjwa walikimbiwa. Walikuwa na vikao, mazungumzo na kutembeleana majumbani. Hapa kwetu, tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa kwa wengi mwaka 2004, watu wanaoishi na VVU wamefanya kazi kliniki wakiwashauri wenzao, wakiwatafuta waliopotea, wakiwaonyesha kwa miili yao kwamba dawa inafanya kazi. Waulizeni wauguzi waliomo humu ukumbini kama kliniki zile zingefika zilipofika bila watu hao.

Ninayoyaomba kwa waliobadilishwa nyonga na waliovunjika paja ni madogo zaidi. La kwanza ni daftari katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na katika hospitali za misheni zinazohudumia watu wetu kama Makiungu na Itigi: aliye tayari kumsaidia mwenzake aandikishe jina na simu kwa hiari yake, naye muuguzi awakutanishe. La pili, mgonjwa apigiwe simu na mtangulizi wake kabla hajaondoka kwenda kupasuliwa, ili kiti kiwe tayari kabla nyonga haijafika. La tatu, mafundi seremala wetu wapewe kipimo cha kiti, na viti vinavyokaa bure vizungushwe. La nne, mtaalamu wa mazoezi tiba akae nasi mara moja kwa mwezi, asahihishe tunayofundishana. Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja bajeti kubwa.

Namalizia kwa kiti changu. Nilikitumia miezi mitatu. Nilipokoma kukihitaji, mwanangu alitaka kukivunja kuni. Nikakataa. Nilikigeuza chini juu, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe niliyopasuliwa, kisha nikampelekea baba mmoja wa Ikungi aliyekuwa anarudi na nyonga ya siku nane. Yeye naye aliandika tarehe yake chini ya yangu, akakipeleka mbele. Juzi nilikiona katika nyumba ya sita. Vipande vya tairi vimelika na fundi amevibadilisha, na chini ya kikalio zipo tarehe sita. Mwenye tarehe ya mwisho ana wiki mbili tu. Aliniuliza kwa woga kama kweli atakuja kutembea bila kushikwa. Sikumjibu kwa maneno. Niliuweka mkongojo wake ukutani mahali anapoufikia, nikatoka mlangoni, nikatembea mpaka kwenye mwembe wa uani, nikageuka, nikarudi. Kisha nikaketi karibu naye, tukaanza na namna ya kuinuka.